UZI: Duckens Nazon, galasa la Ulaya, mfalme wa mabao Haiti

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijiweni tulikuwa tunamjadili straika mmoja wa kigeni. Timu yake siitaji, msije mkanivamia. Jamaa mmoja akatoa simu, akahesabu klabu alizopita yule mchezaji, zikafika tisa, akafunga mjadala pale pale: "Huyu galasa. Mchezaji mzuri hahamihami kama mpangaji anayedaiwa kodi." Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Ila njiani narudi nyumbani jina moja likawa linanizunguka kichwani, na ndilo limenileta hapa.

Duckens Nazon. Wengi mtauliza ni nani. Ndiyo maana ya uzi.

Amezaliwa Aprili 1994 Châtenay-Malabry, kitongoji cha Paris, wazazi wake Wahaiti. Amecheza soka la klabu katika nchi nane: Ufaransa, India, Uingereza, Uskoti, Ubelgiji, Bulgaria, Uturuki na Irani. Sita kati ya hizo ziko Ulaya. Hajawahi kuwa nyota mkubwa katika hata moja. Na huyo huyo ndiye mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya Haiti, mabao zaidi ya 40. Halafu Haiti imefuzu Kombe la Dunia 2026, kwa mara ya kwanza tangu 1974.

Hebu mwekeni kwenye mizani ya kijiweni mniambie: galasa au siyo galasa?

Tuanze na Laval, Ligi daraja la pili Ufaransa. Hapo nitapita haraka, kijana alikuwa anatafuta namba tu. Mwaka 2016 akafanya jambo ambalo vijana wengi wa Ulaya wa umri wake wasingelifanya: akapanda ndege kwenda India, Kerala Blasters, akiwa na miaka 22. Ligi ile wakati huo ilikuwa na sifa ya kuwa jumba la wastaafu, mtu anaenda kuchukua hela ya mwisho. Yeye alienda mwanzoni mwa safari. Kule akamkuta Mhaiti mwenzake, Kervens Belfort, na kocha alikuwa Steve Coppell, winga wa zamani wa Manchester United. Timu ikafika fainali, Desemba 2016, nyumbani kwao Kochi, uwanja umefurika hadi pomoni. Sare 1-1, wakafa kwa penalti mbele ya ATK ya Kolkata.

Naenda kula, nikirudi naendelea.

---

kibao_cha_pembe

Nimekaa paleee. Shusha nondo mkuu.

---

Mzee wa Offside

Mkuu, mabao 40 ya timu ya taifa ya Haiti? Hao wanacheza na visiwa vyenye watu wachache kuliko Mbagala. Leta vitu vya maana.

---

Mwanzisha uzi

Mzee wa Offside, najua utakuja na hilo, nakuwekea kiporo. Subiri.

Agosti 2017 Wolves wanamsajili. Wolves ile ilikuwa daraja la pili Uingereza, kocha Nuno ndiyo ameingia, hela zinamwagwa na wachezaji wa Kireno wanashuka kama mvua. Sasa jiulize, timu inayojenga kikosi cha kupanda Ligi Kuu inamtaka wa nini kijana aliyetoka India?

Haimtaki. Inamtaka kama bidhaa. Hapa ndipo mashabiki wengi tunapotea. Klabu tajiri ya Uingereza inasajili vijana kadhaa kwa bei ya chini, inawagawa kwa mkopo huku na kule. Mmoja akilipuka wanamuuza faida, wengine mikataba inaisha kimya kimya. Kwa klabu, mchezaji wa hivyo ni kama kiwanja Kigamboni: unanunua, unaweka bikoni, unasubiri. Kwa mchezaji ni maisha yake.

Kwa hiyo Nazon amesaini Wolves, na moja kwa moja akaenda Coventry kwa mkopo, daraja la nne. Nusu msimu. Januari akahamishiwa Oldham, daraja la tatu. Mwisho wa msimu huo Wolves wakachukua ubingwa wakapanda Ligi Kuu, Coventry wakapanda kupitia mtoano, Oldham wakashuka daraja. Mtu mmoja, msimu mmoja, mishahara ya klabu moja, jezi za mbili nyingine, na kila moja na hatima yake. Mechi rasmi alizoichezea Wolves ni sifuri. Hata dakika ya kuingia kupoteza muda hakupewa.

Sasa niambie, CV ya hivyo unaisomaje? Ukihesabu klabu umepata tatu ndani ya mwaka. Ukihesabu maamuzi yake mwenyewe, ni moja tu: alikubali kusaini. Nyingine zilipangwa ofisini.

---

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Hapo kwenye kiwanja Kigamboni nimecheka peke yangu kwenye treni.

Swali: kwa nini wachezaji wetu hawapati hata hiyo mikopo ya daraja la nne? Wa kwetu anafanya majaribio, anarudi.

---

Mwanzisha uzi

Swali zuri dada. Jibu ni kitabu kidogo cha kusafiria.

Nazon ana pasipoti ya Ufaransa. Mwaka 2017 Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo Coventry wa daraja la nne walimchukua kama unavyomchukua mtu wa Morogoro kuja kucheza Dar. Hakuna kibali cha kazi wala kikao cha kuangalia taifa lake liko nafasi ya ngapi FIFA. Mtu wa Haiti aliyezaliwa Port-au-Prince, mwenye miguu ile ile, asingefika.

Mfano wa aliyezaliwa visiwani ni Jason Scotland wa Trinidad na Tobago. Yuko Dundee United, 2005 kibali chake cha kazi kikakataliwa kuongezwa. Straika mzima anazuiwa na karatasi. Akashuka hadi St Johnstone, daraja la chini, wao wakakipigania kibali wakakipata. Miaka michache baadaye yuko Swansea, 2008 wanachukua ubingwa wa League One, daraja la tatu Uingereza, naye ni tegemeo la mabao. Baadaye Wigan, Ligi Kuu Uingereza. Safari yote hiyo ingeishia Dundee.

(Kichekesho kidogo: Kombe la Dunia 2006 Trinidad walipangwa kundi moja na Uingereza. Waskoti, ambao timu yao haikufuzu na mnajua wanavyowapenda Waingereza, walinunua jezi za Trinidad zenye jina mgongoni SCOTLAND. Jina la jamaa kabisa, hakuna wa kuwashitaki.)

Hata Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, habari ya kwanza ilikuwa kibali. Nahodha wa Taifa Stars, mfungaji tegemeo wa mabingwa wa Ubelgiji, na bado tunasubiri karatasi.

---

kibao_cha_pembe

Kumbe ukizaliwa kitongoji cha Paris umeshafunga bao moja kabla mechi haijaanza.

---

Mwanzisha uzi

Ndiyo hivyo. Na umemtaja Paris, mimi nimemtaja Samatta, sasa waunganishe. Kiangazi 2018 Nazon anaenda Sint-Truiden, Ubelgiji. Mnaijua iko wapi? Mkoa wa Limburg, huko huko iliko Genk. Ni watani wa jadi wa mkoa. Yaani wakati sisi tunakesha kumtazama Samagoal akitupia na Genk kuelekea ubingwa wa 2018/19, mji wa jirani kulikuwa na Mhaiti huyu anasugua benchi. Mmoja ilikuwa ndiyo kilele chake, mwenzake Januari akafungishwa virago tena kwa mkopo, St Mirren, Uskoti.

St Mirren walikuwa wanakufa. Wakaponea kwenye mtoano wa kushuka daraja dhidi ya Dundee United, Mei 2019, kwa matuta, na wenzao walikosa penalti zote nne walizopiga. Nne! Hata ndondo za mtaani hazijafika huko.

---

Mwanamchezo_Nakuru

Ngoja kwanza. Haiti si ndio wako na yule kocha wetu wa zamani? Migné?

---

Mwanzisha uzi

Yule yule, ndugu yangu wa Nakuru. Sébastien Migné, aliyeipeleka Harambee Stars AFCON ya Misri 2019. Alichukua Haiti 2024.

---

Mwanamchezo_Nakuru

Basi nakumbuka vizuri. 27 Juni 2019, Cairo. Kenya 3, Tanzania 2. Msuva alifunga mapema, Olunga akarudisha, Samatta akawapeleka mbele tena, kisha Omolo, kisha Olunga. Niko na video, mnataka niweke hapa?

---

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Usiweke.

---

kibao_cha_pembe

Mods, kuna mtu anavunja sheria za jukwaa.

---

Mwanzisha uzi

Umenichokonoa kidonda lakini umenisaidia pia. Siku mbili baada ya kile kipigo chetu, 29 Juni 2019, upande wa pili wa dunia, Houston, Haiti wako robo fainali ya Gold Cup, yaani AFCON ya Amerika ya Kaskazini, Kati na Karibi, na Kanada. Mapumziko Kanada wanaongoza 2-0, Jonathan David na Cavallini. Ungekuwa unatazama ungezima TV. Kipindi cha pili kimeanza tu, dakika za mwanzo mwanzo, Nazon anarudisha moja. Bazile anaweka penalti. Guerrier anamaliza. 3-2.

Huyo aliyefungua mlango ni yule wa mkopo St Mirren, ambaye msimu mzima Ulaya hakuna aliyemkumbuka.

Nusu fainali wakakutana na Meksiko. Dakika 90 hakuna bao. Muda wa nyongeza Meksiko wanapata penalti, anaipiga Raúl Jiménez, ndani. Haiti nje. Jiménez alikuwa anachezea klabu gani wakati huo? Wolves. Sijui kama kuna mwandishi wa tamthilia angeandika hivyo watu wakamwamini.

Baada ya hapo miaka inakwenda. Anarudi Sint-Truiden, 2021 anashuka Quevilly-Rouen huko Normandy, klabu iliyokuwa imepanda tu daraja la pili Ufaransa. Hapo anapata kitu alichokikosa muda mrefu, kuanza mechi mfululizo. Straika ni kama mashine ya kusaga, ukiizima kila baada ya dakika kumi haitoi unga. Kutoka hapo CSKA Sofia, klabu kubwa ya Bulgaria yenye mashabiki wasio na subira. Kisha 2023 Kayserispor, ligi kuu Uturuki. Kisha Esteghlal ya Tehran, 2025, klabu iliyowahi kuchukua ubingwa wa Asia mara mbili.

Ukiangalia vizuri, kuanzia miaka 27 ngazi inapanda: daraja la pili Ufaransa, klabu ya kugombea ubingwa Bulgaria, ligi kuu Uturuki, klabu kubwa Irani. Kelele hakuna, na wala sio ngazi ya kwenda Madrid, lakini inapanda. Kijiweni tungesema "anazunguka".

---

Mzee wa Offside

Nimesubiri kiporo changu mpaka kimechacha. Septemba 2018 Haiti iliifunga Sint Maarten 13-0. Kumi na tatu. Mechi kama hizo ndizo zinazotengeneza "mfungaji bora wa muda wote". Hata mimi na tumbo hili ningepata mawili.

---

Mwanzisha uzi

Mzee, hoja yako ina ukweli na siifichi. Kanda ile ina vitimu, na kila straika wa Karibi ana mabao ya mteremko kwenye hesabu yake. Toa yote hayo. Tuwekee moja tu mezani.

Septemba 2025, San José, Kosta Rika. Raundi ya mwisho ya kufuzu, kundi la Kosta Rika, Hondurasi, Nikaragua na Haiti, na anayefuzu moja kwa moja ni wa kwanza. Kosta Rika hawa ndio waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, walikuwa wanahesabu kundi kama lao. Haiti walishatoka sare tasa na Hondurasi mechi ya kwanza, wakipoteza San José hesabu inaanza kuwa ngumu. Mechi ikaisha 3-3. Mabao yote matatu ya Haiti alifunga mtu mmoja, miaka 31, klabu ya Tehran.

Ile pointi moja ndiyo naona iliwashika mkono. Angalieni walivyokwenda baadaye: wakaifunga Nikaragua 3-0 ugenini, wakapigwa 3-0 na Hondurasi, wakaifunga Kosta Rika 1-0 kwa bao la Frantzdy Pierrot, kisha siku ya mwisho 18 Novemba wakaichapa Nikaragua 2-0, Deedson na Providence. Usiku huo huo Kosta Rika na Hondurasi wakatoka bila bao. Haiti pointi 11, kileleni.

Na tarehe ile kwa Mhaiti siyo tarehe tu. 18 Novemba 1803 ndiyo siku ya vita vya Vertières, walipolivunja jeshi la Napoleon na kujikomboa na utumwa. Siku ya mapumziko ya kitaifa.

Sasa kitu ambacho mimi kinaniumiza. "Nyumbani" kwenye mechi zote hizo hakukuwa nyumbani. Haiti haijacheza Port-au-Prince tangu 2021. Uwanja wao wa Sylvio Cator umo mikononi mwa magenge. Mechi za nyumbani walichezea Willemstad, kisiwa cha Curaçao, kwenye uwanja wa watu. Migné mwenyewe amefuzu bila kukanyaga Haiti hata siku moja tangu apewe kazi. Yaani unapiga simu, unaita kikosi: huyu toka Tehran, huyu toka Marekani, yule Bellegarde toka Wolves (naam, Wolves tena), mnakutana kwenye kisiwa ambacho si chenu, mnavaa jezi ya nchi ambayo ndege yenu haiwezi kutua mji mkuu. Timu nzima ni ya mkopo.

Ndiyo maana nikasema mtu aliyezoea kuishi kwenye begi, aliyecheza kwa mkopo miji mitatu ya Uingereza na Uskoti bila kununua hata sofa, pale alikuwa amefika chuoni kwake. Hiyo ni fikra yangu mimi, msiitafute kwenye gazeti.

---

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mimi niko Montreal, mtaa wangu nusu ni Wahaiti. Usiku ule sikulala. Honi mpaka saa nane, bendera kwenye madirisha ya magari, theluji imeshaanza kudondoka na mama mmoja wa makamo anacheza barabarani na kandambili. Asubuhi mwenye duka la mikate wa chini alinipa mkate bure, nikamuuliza kwa nini, akasema leo hauzi. Mimi hata sikuwa najua kama walikuwa na mechi.

---

Mwanamchezo_Nakuru

Na sisi Migné tulimwambia aende. Haya.

---

Mzee wa Offside

Nakubali San José. Hat-triki ugenini kwa Kosta Rika siyo Sint Maarten. Lakini ukweli usemwe wote: siku ya kufuzu hakufunga, na siku ya Kosta Rika marudiano aliyefunga ni Pierrot. Usitupe hadithi ya mtu mmoja.

---

Mwanzisha uzi

Hapo umenishika, na sipingi. Wala simsemi kama Emmanuel Sanon. Vijana wa leo hamumjui Sanon. 1974, Munich, Haiti na Italia. Dino Zoff, kipa wa Italia, alikuwa amekaa dakika 1,142 za mechi za kimataifa bila nyavu zake kuguswa. Kipindi cha pili kinaanza tu, Sanon anamtoka beki, anamzunguka Zoff, anaweka. Italia walishinda 3-1 mwisho wa siku lakini bao linalokumbukwa ni lile. Baada ya mashindano akaenda Ubelgiji, Beerschot ya Antwerp, akakaa hapo hapo hadi 1980. Miaka sita, mji mmoja.

Nazon hajapata mji wa miaka sita. Ila idadi ya mabao ya taifa amempita Sanon, na hilo hata wewe Mzee huwezi kulifuta na kifutio.

---

kibao_cha_pembe

Kundi lao likoje?

---

Mwanzisha uzi

Brazili, Moroko na Uskoti. Kundi C. Mechi ya kwanza ni Uskoti, kule Boston. Watu wa St Mirren watakuwa na ya kuongea.

---

Mzee wa Offside

Saa ngapi kwetu?

---

Mwanzisha uzi

Usiku wa kuamkia 14 Juni, saa 10 alfajiri.

---

Mzee wa Offside

Saa 10 alfajiri kumtazama galasa. Haya, nitaamka, ila chai unaleta wewe.